Usalama wa ajira, na asasi za kiraia zinaingia wapi

Usalama wa ajira haumaanishi kwamba mtu hafukuzwi kazi kamwe. Maana yake ni kwamba hafukuzwi hivi hivi: pawe na sababu, notisi, na nafasi ya kujitetea.

Kwa Uganda, haya yamo katika Sheria ya Ajira ya 2006. Aliyefanya kazi mwaka 1 hadi 5 hupewa notisi ya mwezi mmoja. Aliyetimiza miaka 10, miezi 3. Kanuni za 2011 nazo zinamkataza mwajiri kumweka mtu kibarua zaidi ya miezi 4. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi.

Ni nzuri kwenye karatasi. Lakini anayebeba matofali kwa kazi za leja leja (vibarua vya siku kwa siku) Kampala, au binti wa kazi za ndani Mbale, nani kamwambia? Vyama vya wafanyakazi vilivyo chini ya NOTU na COFTU, mashirikisho mawili ya vyama hivyo nchini, hujadiliana na waajiri kwa niaba ya wanachama wao, na hawa wawili kwa kawaida si wanachama wa chochote. Pengo hilo ndilo linalozibwa na asasi za kiraia, kama vile Platform for Labour Action ya Kampala, inayotoa msaada wa kisheria kwa wafanyakazi wanyonge.

Asasi haiwezi kumwamuru mwajiri. Inachofanya ni kumweleza mfanyakazi haki yake, kumwandikia malalamiko na kumfikisha kwa afisa wa kazi wa wilaya, anayesikiliza malalamiko hayo. Asiporidhika na uamuzi wa afisa huyo, kuna rufaa katika Mahakama ya Viwanda, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Na muda ni mfupi: aliyefanya kazi wiki 13 mfululizo akifukuzwa isivyo haki, anatakiwa kulalamika ndani ya miezi 3. Wengi huimaliza miezi hiyo wakimbembeleza bosi. Kwa maoni yangu, asasi inayomwahi mtu kabla ya muda huo kwisha ina faida kuliko semina kumi za hotelini.

Zipo pia asasi zinazoshawishi sheria ibadilishwe, kazi ya polepole kweli: marekebisho ya Sheria ya Ajira yaliyopitishwa na Bunge 2023 yalirudishwa na Rais Museveni bila kutiwa saini.

Ukienda kwa asasi kutafuta msaada, beba ushahidi: kitambulisho cha kazi, karatasi ya mshahara, hata ujumbe wa mobile money. Mkataba wa mdomo unatambuliwa na sheria, ila aliyelipwa taslimu bila kusaini popote huwa na kesi ngumu, hata akipewa wakili wa bure.