Kuziba jino si kutibu mzizi

Kuziba jino ni kusafisha sehemu iliyooza na kujaza tundu. Basi. Ila kuanzia Kirumba, Mwanza, hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, kila kazi ya meno isiyo kung'oa huitwa kuziba, na jino likiuma baadaye lawama inaangukia kizibo: "Waliniziba, bado linauma, bora ningeng'oa tu."

Daktari haamui kwa ukubwa wa tundu peke yake. Anataka kujua hali ya kiini, ile nyama laini ya ndani yenye neva na mishipa ya damu. Jino linagusishwa kitu cha baridi. Maumivu yakija na kutoweka ndani ya sekunde chache, kiini kimewashwa tu na kinaweza kupona. Yakiendelea sekunde 30 na zaidi, au jino likikuamsha usiku lenyewe, mara nyingi kiini hakirudi tena. Likiwa halisikii baridi kabisa lakini linauma likigongwa, huenda kiini kimeshakufa, na eksirei inaweza kuonyesha kivuli kwenye ncha ya mzizi.

Kiini kikiwa bado hai, tundu lenye kina halichimbwi hadi mwisho. Kingo husafishwa mpaka ziwe ngumu ili kizibo kishike bila upenyo, lakini juu ya kiini huachwa dentini (tabaka la jino linalozunguka kiini) laini kidogo. Hapo ndipo watu hung'aka: kaacha uozo! Kaacha makusudi. Akizidi kuchimba atatoboa kiini, na bakteria waliofungiwa humo bila chakula hudhoofika. Ipo pia njia ya kuziba kwa muda, kisha kufungua baada ya miezi 6 hadi 12 na kumalizia. Kwa mgonjwa anayevuka ziwa kutoka Ukerewe njia hiyo ina mashaka: asiporudi, kizibo cha muda huvuja na uozo unaendelea chini kwa chini. Heri kumaliza siku hiyo hiyo.

Kutibu mzizi ni kazi nyingine kabisa. Kiini chote hutolewa, mifereji ya ndani ya mizizi hupanuliwa, huoshwa kwa hipokloriti ya sodiamu, dawa ya kuua bakteria, na kujazwa gutapecha, utomvu mgumu unaofanana na mpira. Gego la kwanza la chini huwa na mifereji 3 au 4. Mmoja ukisahaulika, usaha unarudi. Kisha gego livikwe kofia, yaani kifuniko kigumu cha jino zima, maana bila hiyo hupasuka kirahisi. Kung'oa kunabaki kwa jino lililopasuka mzizi au lisilo na ukuta wa kutosha juu ya fizi kushika kofia, na, tuseme ukweli, kwa asiyemudu gharama. Amoksilini ya duka la dawa haiponyi kiini kilichovimba. Antibiotiki zina kazi pale uvimbe unaposambaa usoni au homa inapopanda.

Kwa hiyo, ndugu uliyezibwa na bado linauma, huenda kiini kilishapita hatua ya kupona, nawe ulihitaji kutibiwa mzizi. Au, kama linauma unapong'ata tu, huenda kizibo kimekaa juu mno. Rudi kakwanguliwe, ni kazi ya dakika chache, wala haihitaji ganzi.