Manjano haihitaji kufika gotini

Swali ni lilelile kila wiki, hapa Kadutu, Bukavu, kwa wenye maumivu ya magoti: "Dokta, iyi manjano itafika ku goti siku gani?" Mama, haifiki. Wala haina haja ya kufika.

Muuza unga kashawaambia "inaingia mpaka ndani ya mfupa", basi watu wanaongeza kijiko juu ya kijiko hadi vidole vinageuka rangi. Kurkumini, ile kemikali ya manjano inayosifiwa kwa dawa, ni kama asilimia 3 tu ya unga huo, na utumbo na ini huivunja upesi mno. Utafiti wa 1998 uliwapa watu gramu 2 nzima, na kwenye damu ilikuwa haionekani au ni kidogo sana. Ukichanganya na piperini ya pilipili manga inapanda mara 20. Sawa, lakini mara 20 ya nini? Tena vidonge vilivyoundwa ili vipenye zaidi vimeripotiwa kuumiza maini ya watu, Italia na Marekani.

Mimi kinachonivuta ni ile inayobaki tumboni. Utumbo umejaa seli za kinga, bakteria, seli za homoni na ncha za neva ya vagasi, ile inayounganisha ubongo na tumbo. Panya wenye baridi yabisi walipomezeshwa kurkumini, utumbo wao ulitoa somatostatini zaidi, homoni inayopoza uvimbe. Na kwamba neva hiyo inaweza kutuliza viungo vya binadamu, tuna ushahidi: mwaka 2016 wagonjwa wa baridi yabisi waliopandikizwa kifaa cha kuichochea walipungukiwa na TNF, kemikali ya mwili inayowasha uvimbe, na maumivu yakashuka. Kwa hiyo barabara ipo. Kama manjano inapita humo ndani ya mtu, hilo halijathibitishwa, na anayekuapia kwamba inapita anakuuzia kitu.

Isitoshe, panya hao huugua kwa sindano inayochokoza kinga yao, ndani ya wiki chache. Goti la mama aliyebeba mizigo kwenye milima ya Bukavu miaka 30 limelika gegedu, ile tabaka laini inayokinga ncha za mifupa. Sisi maumivu ya viungo tunayaita yote rimatisime na kuyapa unga mmoja!

Tia manjano kwenye maharagwe yako, sikukatazi, ila kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, uniambie kwanza. Na unga unaomaliza maumivu usiku mmoja, halafu uso unavimba na sukari inapanda, uniletee hapa na kifuko chake. Hiyo nashuku ni deksametazoni, dawa kali ya steroidi, iliyopakwa rangi.