Mkorosho ukipigwa ubwiriunga, ni hukumu ya Mungu?

Huku Newala na Masasi, maua ya mkorosho yakigeuka meupe kama yamenyunyiziwa unga, yaani yakipata ugonjwa wa ubwiriunga, wapo Wakristo wanaosema mwenye shamba anahukumiwa kwa dhambi yake. Wazo hilo ni la zamani. Hata wanafunzi wa Yesu, walipomwona kipofu wa kuzaliwa, waliuliza nani alitenda dhambi. Jibu lake lisome mwenyewe, Yohana 9:3. Kisha fungua Luka 13:4: watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu hawakuwa wakosaji kuliko wenzao.

Hukumu ipo, Biblia haifichi. Warumi 14:12 inasema kila mtu atatoa habari zake mbele za Mungu. Ubwiriunga, lakini, ni kuvu. Kachungulie shamba la mzee wa kanisa asiyepuliza salfa, dawa ya kuvu hiyo: nalo jeupe.