Milimita za Lenzi ya Makro Hazikuzi Picha

Nimeulizwa tena, safari hii na kijana wa Newala anayepiga picha za harusi na ambaye sasa anataka kuwapiga wadudu wa mikorosho. Anauliza kama akiba yake ainunulie lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 50 au avumilie hadi afikie ya milimita 100, kwa kuwa ameambiwa dukani kwamba ya 100 inakuza mara mbili ya ile ya 50. Swali hili nimelijibu mara nyingi kwa simu na ana kwa ana, na kila mara linarudi na imani ileile ndani yake, nami nachoka kuona watu wenye kipato kidogo wakiongezewa gharama na jambo ambalo si kweli.

Lenzi ya milimita 50 inayofika uwiano wa 1:1 na lenzi ya milimita 100 inayofika uwiano huohuo hukuza sawasawa kabisa. Katika uwiano wa 1:1, mdudu mwenye urefu wa milimita 6 huchorwa juu ya sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha, kwa milimita 6 zilezile, wala lenzi haina namna ya kuchora zaidi ya hapo kwa sababu tu imeandikwa namba kubwa. Sensa kubwa iitwayo ya fremu kamili ina milimita 36 kwa 24. Basi ukifika 1:1 utapata eneo la milimita 36 kwa 24, iwe umefunga lenzi ya 50, ya 90 au ya 105. Anayetaka ukuzaji mkubwa zaidi aulize uwiano. Canon RF 100mm f/2.8L hufika mara 1.4, OM System 90mm f/3.5 na Laowa 100mm f/2.8 hufika mara 2, ilhali Canon RF 35mm f/1.8, ambayo nayo imeandikwa Macro, huishia nusu ya ukubwa halisi.

Wenye kamera za APS-C, zenye sensa ndogo zaidi, husema kwamba lenzi zao hukuza mara moja na nusu. Hazikuzi. Sensa yao ya takriban milimita 23.5 kwa 15.6 hukata eneo dogo zaidi la taswira ileile, na mdudu akaijaza fremu vizuri zaidi. Hiyo ni faida ya kweli kwa apigaye wadudu, nami siibezi, ila inatoka kwenye sensa.

Milimita basi zina kazi gani? Zinaamua utasimama mbali kiasi gani na unachokipiga, na hapa ndipo watu wanapopotea, hata wale waliokwisha kuelewa habari ya uwiano. Karatasi ya lenzi hutaja umbali mfupi kabisa wa fokasi, yaani wa picha kutoka kali bila ukungu, na mnunuzi hudhani kwamba huo ndio umbali utakaobaki kati ya kioo cha mbele na mdudu. Sivyo. Umbali huo hupimwa kuanzia kwenye sensa, ambayo mahali pake huonyeshwa na alama ya duara lililokatwa na mstari juu ya mwili wa kamera nyingi. Kwa hiyo ndani ya umbali ulioandikwa kuna urefu wa lenzi yenyewe pamoja na nafasi iliyopo kati ya sensa na mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa, na vyote hivyo sharti uvitoe.

Tuchukue Nikon Z MC 105mm. Umbali wake mfupi ni sentimita 29. Lenzi ina urefu wa sentimita 14, na kutoka mdomo wa kamera hadi kwenye sensa ni sentimita 1.6. Inabaki kama sentimita 13, na lenzi hii hairefuki inapofokasi, hivyo hesabu inasimama. Sony FE 90mm, kwa hesabu hiyohiyo, inaacha karibu kiasi hichohicho. Sasa tazama Sony E 30mm f/3.5, lenzi ya makro halali inayofika 1:1: imeandikwa sentimita 9.5, lakini mbele ya kioo zinabaki sentimita 2 na kitu tu. Nyingi za 50 hurefuka kadiri unavyokaribia, kwa hiyo hata ukitoa urefu ulioandikwa kwenye karatasi bado utakuwa umejikadiria nafasi kubwa kuliko iliyopo.

Huku kwetu tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utapata picha. Mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza chipukizi na si mbu wa malaria, ana urefu wa milimita chache, na ukitaka picha yako imsaidie mkulima au bwana shamba kumtambua, lazima uonyeshe kijiti kilichosimama mgongoni mwake kama pini. Katika mikorosho hiyohiyo wamo majimoto, sisimizi wakali ambao wakulima wengine huwaacha makusudi kwa kuwa huwawinda mbu hao. Ukisogeza lenzi hadi sentimita 3 kutoka kwenye chipukizi, lenzi inagusa jani, majani yanatikisika, mbu anaondoka, na majimoto wanapanda mkononi na kuuma. Zaidi ya hayo, lenzi yako mwenyewe inakinga mwanga, na flashi iliyo juu ya kamera haifiki kwa mdudu. Sentimita 13 zinatosha kufanya kazi kwa utulivu. Kwa anayepiga ubwiriunga juu ya maua, ugonjwa usioruka wala kuuma, lenzi ya 50 au 60 inatosha, na haoni haja ya kuongeza fedha.

Hata hivyo, namba iliyoandikwa kwenye lenzi nayo haiaminiki yote. Lenzi sahili, kama ya kioo kimoja, ya milimita 105 ikifika 1:1 ingekuwa na umbali wa mara nne ya urefu wake wa fokasi, yaani zile milimita zilizoandikwa, kutoka sensa hadi kwa mdudu, yaani sentimita 42. Tumeona kwamba ile ya Nikon ina 29. Maana yake ni kwamba lenzi za kisasa zinazofokasi kwa kusogeza vioo vya ndani hufupisha urefu wao wa fokasi kadiri zinavyokaribia. Hesabu ya lenzi sahili haiwezi kutupa kwa uhakika urefu unaobaki, kwa sababu vioo vimepangwa kwa makundi, na viwanda kwa kawaida havichapishi takwimu hiyo. Ndiyo maana nawasihi watu walinganishe nafasi inayobaki mbele ya kioo, si milimita.

Imani nyingine inayozaliwa na ileile ya kwanza ni kwamba lenzi fupi inatoa kina kikubwa cha fokasi, yaani unene wa sehemu inayotoka kali mbele hadi nyuma. Mkiwa katika ukuzaji mmoja na tundu moja (uwazi wa lenzi unaopitisha mwanga, unaoandikwa kwa f, namba ikikua tundu hupungua), kina ni kilekile kwa kadiri ya kutosha: katika 1:1 kwa f/11 kwenye fremu kamili utapata kama milimita 1.3. Kubana tundu zaidi kuna gharama, kwani katika 1:1 f/16 uliyoiweka kwenye lenzi sahili hufanya kazi kama f/32, na mwanga unaopinda kwenye kingo za tundu dogo hivyo hulainisha picha nzima. Kamera za Nikon huonyesha tundu hilo halisi kwenye skrini, ndiyo maana f/2.8 ya lenzi ile ya 105 husomeka takriban f/4.5 ukikaribia kabisa, na wapo wanaodhani imeharibika. Mimi huishia f/11, lakini sina kanuni: picha itakayotazamwa kwenye simu ya mkulima huvumilia f/16, na nyakati nyingine ulaini kidogo unafaa kuliko nusu ya mdudu kupotea.

Kuhusu kidhibiti cha mtikisiko, kisikushawishi kulipa zaidi. Kinatuliza mkono wako, lakini mikorosho huchanua wakati kusi linavuma, na linalotikisika ni tawi. Flashi yenye kitambaa cha kulainisha mwanga ndiyo inayougandisha mwendo huo.

Kwa kijana wa Newala, basi, kama kweli ni wadudu, nasema atafute lenzi yenye nafasi, ya 90 hadi 105, na si lazima iwe mpya. Kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) ina nafasi fupi kutoka mdomo hadi kwenye sensa, milimita 16 kwa Nikon Z, 18 kwa Sony E na 20 kwa Canon RF, kwa hiyo adapta inapata mahali pa kukaa na lenzi za makro za kamera za zamani zinafokasi kama kawaida. Adapta ya bei ndogo huenda ikapoteza fokasi ya yenyewe. Katika 1:1 hutaikosa sana, kwani utakuwa unaweka fokasi kwa mkono na kusogea mbele na nyuma taratibu huku ukitazama ukingo ambao kamera huung'arisha palipo na fokasi, kwenye kioo cha kutazamia. Kabla ya kulipa, aimulike kwa tochi kutokea nyuma, tundu likiwa wazi kabisa, na kama kuna nyuzi za kuvu ndani aiache, hasa ikiwa imekaa miaka mingi kwenye unyevu wa pwani kama huu wetu wa Mtwara na Mikindani.