Mashine ya vizibo haitii gesi

Jumapili iliyopita saa nne usiku shemeji yangu wa Kibosho alinipigia simu. Hata salamu hazijaisha: "Shemeji, ile mashine uliyoniazima haikazi. Bia yote imelala, haina gesi." Ni mtu wa nne mwaka huu kuniletea kesi hiyo, na wa kwanza kuniletea wakati nimeshavua viatu. Watatu wa kwanza niliwajibu kwa adabu. Huyu namjibu hapa, ili wa tano nimtumie linki nikalale.

Mashine ya kufungia vizibo haitii gesi kwenye bia unayotengeneza nyumbani. Gesi inatengenezwa na hamira iliyobaki humo ndani, inapokula ile sukari uliyoweka siku ya kujaza chupa. Mashine kazi yake ni moja: kukunja meno ya kizibo (yahesabu, ni 21) yashike chini ya ukingo wa mdomo wa chupa, huku kiplastiki cha ndani kikibanwa juu ya kioo. Kikishabanwa sawasawa, kazi imekwisha. Ukiendelea kukandamiza huongezi gesi hata tone. Unachoongeza ni uwezekano wa kubaki na shingo ya chupa mkononi.

Sasa sikilizeni alichofanya mheshimiwa. Alijaza chupa mwezi wa saba. Mnaokaa huku mnajua mwezi wa saba ulivyo: mawingu tangu asubuhi, mlima hauonekani wiki nzima, watu wanaotea moto jikoni. Kibosho ni juu zaidi ya Moshi mjini, baridi yake ni ya kweli. Chupa akazipanga stoo, kwenye sakafu ya saruji. Siku ya sita akafungua moja, kimya. Ya pili, kimya. Akahukumu mashine. Akafungua zote, akaongeza sukari kipimo kilekile cha mwanzo, akazifunga upya, na kwa kuwa mashine "ni dhaifu" akamalizia kila kizibo kwa nyundo.

Hamira ilikuwa imelala kwa baridi, basi. Kwenye chumba cha nyuzi 20 na kitu, ningempa wiki mbili kabla sijafungua ya majaribio. Kwenye saruji ya Kibosho mwezi wa saba, wiki tatu au hata nne. Hakuna mashine duniani inayopasha hamira joto.

Hesabu yake ni hii. Gramu 4 za sukari nyeupe kwa lita moja zinazaa takriban ujazo mmoja wa gesi, yaani lita moja ya gesi ndani ya lita moja ya bia. Bia iliyomaliza kuchachuka kwenye nyuzi 20 bado imebaki na kama ujazo 0.85. Ukiweka gramu 6.5 kwa lita unafika karibu 2.5, na hiyo ndiyo bia ya kawaida. Shemeji aliweka gramu 130 kwenye lita 20, hapo alikuwa sawa kabisa. Kisha akaweka 130 nyingine. Ondoa gesi kidogo iliyotoka alipofungua, bado jumla inakaribia 4, kwenye chupa za bia zilizozunguka baa zote za mkoa na kugongana kwenye makreti miaka mingi. Mimi chupa hizo sizipitishi 3.

Watu wa Arusha wataniuliza kuhusu mwinuko. Ni kweli, mita 1,400 hewa ni nyepesi, kwa hiyo gesi inayobaki kwenye bia kabla ya sukari inapungua pia, labda ile 0.85 inakuwa 0.72 hivi. Kwenye karatasi ukiwa Arusha ungeongeza nusu gramu ya sukari kwa lita. Nimejaribu kwa rafiki yangu wa Njiro, pipa moja, nusu kwa hesabu ya Moshi na nusu kwa hesabu ya Arusha. Tulionja wanne. Hakuna aliyetofautisha, na mmoja alidai ile yenye sukari pungufu ndiyo yenye gesi zaidi. Kwa hiyo fanyeni mnavyotaka.

Turudi kwenye mashine. Ya nyundo, ile kofia ya chuma unayoweka juu ya kizibo ukagonga, siizungumzii. Itupe.

Ya mikono miwili ndiyo wengi mnaanzia nayo, na si mbaya. Ina vibao viwili vya chuma vinavyoshika shingo chini ya pete (ule ukingo mnene wa shingoni), ukishusha mikono vinavuta chupa juu na kikombe kinachokunja meno kinashuka juu ya kizibo. Maana yake mashine hii inategemea pete ya shingo, na pete za chupa hazifanani. Chupa zetu za kahawia za nusu lita zinaingia vizuri. Chupa nyingine za nje zina pete nyembamba au iliyokaa chini mno, vibao vinateleza, mtu anaongeza nguvu, na hapo ndipo mnapoanza kunitumia picha za vidole vyenye bandeji. Ikiteleza mara moja, usirudie. Weka chupa hiyo kando.

Ya mezani haishiki shingo kabisa. Inasukuma kutoka juu, chupa imekaa kwenye kitako, kwa hiyo haijali pete. Inachojali ni urefu, na hapo ndipo wenye haraka wanapokosea. Wanapanga chupa za bia na za soda pamoja, wanarekebisha urefu kwa ya kwanza, wanaendelea nazo zote. Fupi zinafungwa nusu, ndefu zinagandamizwa kupita kiasi. Zitenganishe kwa urefu kabla hujaanza. Chupa nyeupe za soda uzifiche gizani, maana mwanga ukipiga bia yenye hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu), utaipata harufu yake mwenyewe.

Chupa za kuzungusha kizibo kwa mkono ziache. Zina mistari ya nati na mashine zetu hazizifungi kwa uhakika. Chupa za shampeni mnazookota kwenye mahoteli ni imara sana, lakini nyingi za Ulaya zinataka kizibo cha milimita 29 na kikombe chake. Chetu ni cha 26. Usilazimishe.

Sasa jambo linalonikera kuliko yote: kibonyeo. Mtu anafunga chupa, anaona kizibo kimebonyea katikati, anapiga kelele kwamba mashine imeharibu. Mwingine anaona hakijabonyea, analalamika kwamba haijakaza! Kibonyeo hakisemi lolote kuhusu kuziba. Kinatokana na umbo la kikombe, sumaku yake, na uzito wa mkono wako. Kinachosema ukweli ni meno. Kizibo kipya upana wake ni kama milimita 32. Kikishafungwa vizuri, kipenyo kwenye ncha za meno kinatakiwa kiwe kati ya 28.6 na 28.8. Kikizidi, meno hayajakunjwa vya kutosha. Kikipungua sana, umebana mno na unatesa kioo.

Viwandani wana kipimo maalumu cha matundu mawili. Mimi nilikwenda kwa fundi mchonga vyuma hapa mjini nikamwomba anitobolee kibati: tundu moja la 28.9, jingine la 28.5. Kizibo kizuri kinapita kwenye la kwanza na kinakwama kwenye la pili. Fundi aliniuliza ni spea ya gari gani. Nilipomwambia ni ya bia, alinitaka nirudi na chupa kama ushahidi. Nikarudi nayo. Kibati hicho kimenifaa kuliko mashine yenyewe, kwa sababu kilinionyesha kwamba ile ya mikono miwili niliyokuwa naidharau ilikuwa inafunga sawa, na ile ya mezani niliyojivunia ilikuwa imelegea kikombe na inafunga upande mmoja.

Kuna kipimo kingine watu wanakiapia: shika kizibo kwa vidole ukizungushe, kikizunguka kinavuja. Nilikuwa nakifundisha. Siku hizi sina uhakika. Nimepata vizibo vilivyozunguka kwa shida na gesi ipo yote, na kimoja kilichoganda kama saruji na bia ndani imelala. Nadhani kikizunguka kwa urahisi kabisa kuna tatizo, lakini zaidi ya hapo siapi.

Kama kweli unashuku mashine, fanya hivi kabla ya kunipigia. Kila unapojaza, jaza pia chupa moja ya plastiki ya soda yenye kifuniko cha kuzungusha. Iminye kila siku. Ikiwa ngumu kama jiwe na za kioo zimelala, vizibo vinavuja, lete mashine. Ikiwa laini na za kioo zimelala pia, mashine haina kesi. Tafuta joto, au muda, au jiulize kama sukari ulikoroga ikaenea. Kipimo hiki ni cha bure na hadi leo hakuna hata mmoja wa wale wanne aliyekifanya.

Vizibo vyenyewe visichemshwe, kile kiplastiki hakipendi. Viloweke dakika chache kwenye dawa ya kusafishia vyombo vya bia, uvitumie siku hiyohiyo, vilivyobaki uvikaushe visishike kutu. Kuna vinavyouzwa ghali kwa madai kwamba vinanyonya hewa iliyobaki shingoni. Vinafanya kazi, lakini kwa bia inayokwisha kabla ya miezi miwili sijaona nilicholipia. Mimi naacha sentimita tatu juu, naegesha kizibo, nasubiri povu lipande kidogo lisukume hewa, ndipo nafunga. Na kizibo kilichokwisha kufunguliwa hakinyooshwi kwa koleo kikarudi kazini. Kazi yake sasa ni kete ya drafti.

Kuhusu waliouliza kufunga mbege hivi: hapana. Mbege inanyweka ikiwa bado inachachuka, hiyo ndiyo mbege. Kila pointi moja ya haidromita (kile kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye pombe; pointi moja ni 0.001) inayobaki kuchachuka ndani ya chupa inazaa karibu nusu ujazo wa gesi. Pointi sita tu ni ujazo 3, kabla hujaweka chembe ya sukari. Iache kwenye kata.

Jumatatu nilipanda Kibosho. Tulivaa miwani ya kuchomelea na glavu za shambani, tukafunika makreti kwa magunia, tukazihamisha chache chache kwenye friji ya mama mkwe, maana bia ya baridi inatulia. Tukafungua moja moja nje, mdomo ukielekea migombani. Nyingi zilitoa povu hadi zikabaki nusu. Tatu zilikuwa na ufa shingoni, alama ya nyundo inaonekana kabisa, nazo hatukuzigusa kwa mkono.

Ile nusu iliyobaki tuliinywa. Ilikuwa bia nzuri. Shemeji aliniuliza kama mashine nyingine ingezuia povu. Mashine yangu nimerudi nayo.