Ninja si mkanda mweusi

Jioni moja nilikuwa nimekaa barazani nikisubiri pikipiki yangu itoke kwa fundi. Mlango wa pili kuna ukumbi wanakofundishwa watoto karate, na mwalimu wao ana sauti ya kutosha mtaa mzima. Nikamsikia: "Mkimaliza mkanda mweusi, hatua inayofuata ni ninja." Watoto wakapiga makofi. Nikanyamaza, maana ukumbi si wangu na wale si wanangu. Wiki hiyohiyo mtangazaji wa mpira akasema beki "ameokoa kininja", eti kwa sababu alirusha mguu ukapita juu ya bega la mwenzake. Hapo subira ikaniishia.

Maana tuimalize haraka. Ninja alikuwa jasusi na mhujumu wa Japani, aliyetumiwa na mabwana wa kivita, hasa karne ya 15 na ya 16, wakati nchi ilipokuwa vipande vipande na kila mwenye ngome akimvizia jirani yake. Kazi yake ni kupenya pasipopenyeka, kuona, kuchoma moto ikibidi, kisha kurudi na habari. Kwa lugha ya mjini, shushushu. Basi.

Ugomvi wangu uko kwenye neno lenyewe. Linaandikwa kwa herufi mbili zilizotoka Uchina. Ya pili, ja, ni "mtu" tu, inafanya kazi kama m- yetu katika mkulima au mwizi. Uzito uko kwenye ya kwanza, nin. Kitenzi chake kwa Kijapani ni shinobu, nacho kina maana mbili ambazo sisi tumezitenganisha: kujisitiri na kustahimili. Anayejificha darini usiku kucha, mbu wanamla na hawezi kujikuna, anafanya yote mawili kwa pamoja, na Mjapani anayataja kwa kitenzi kimoja. Tafuta humo ndani teke, ngumi au upanga. Hakuna.

Najua kuna atakayenijibu kwamba upanga upo, kwa sababu herufi hiyo ya nin imechorwa makali ya silaha juu na moyo chini. Kutokana na hilo watu wametunga maelezo matamu: moyo uliowekewa kisu, ukitikisika tu unachomwa. Mimi mwenyewe nimewahi kuyarudia mbele za watu kwa majivuno. Lakini herufi nyingi za Kichina zimejengwa hivi: upande mmoja unagusia maana, mwingine unaonyesha matamshi. Hapa moyo ndio unaobeba maana, na yale makali yamewekwa kwa ajili ya sauti.

Na hata "ninja" kama tunavyolitamka si neno walilojiita wenyewe. Herufi zilezile mbili zilizoeleka kusomwa kwa Kijapani cha asili, shinobi no mono, au shinobi kwa kifupi. Usomaji wa "ninja" ulienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa riwaya, katuni na sinema. Zamani majina yalitofautiana kwa maeneo: wengine waliitwa rappa, wengine suppa, na wengine kusa, yaani majani, kwa kuwa ndimo walimolala wakimsubiri adui. Jina hilo la majani ndilo ninalolipenda kuliko yote. Hakuna anayelipigia makofi ukumbini.

Wenye sifa zaidi walitoka Iga na Koka, wilaya mbili za milimani zinazopakana, ambazo wakazi wake walikuwa wakulima wenye silaha, wakijitawala bila bwana mkubwa. Mwaka 1579 mtoto wa Oda Nobunaga, bwana wa kivita aliyekuwa na nguvu kuliko wenzake, aliivamia Iga akarudi na aibu. Mwaka 1581 baba mtu akatuma makumi ya maelfu ya askari, na Iga ikateketea. Mwaka uliofuata Nobunaga akasalitiwa, akajiua Kyoto, na mshirika wake Tokugawa Ieyasu, aliyekuwa mbali na kwake akiwa na watu wachache tu, akalazimika kukata njia katika milima hiyohiyo ya Iga ili afike salama. Anayesifiwa kwa kumvusha ni Hattori Hanzo, ambaye baba yake alitoka Iga. Ieyasu hakusahau: watu wa Iga walipata kazi ya ulinzi kwake, na hadi leo lango moja la kasri la mfalme huko Tokyo linaitwa Hanzomon.

Sasa huyo Hanzo, anayetajwa kama ninja maarufu kuliko wote, alikuwa samurai, kamanda wa mkuki. Samurai ni tabaka la wapiganaji, ushinobi ni kazi. Kuuliza nani mkali kati ya samurai na ninja ni kama kuuliza nani mkali kati ya Mnyamwezi na seremala.

Ujuzi wenyewe uliandikwa vita vilipokwisha, watu walipoona unapotea. Kitabu kikubwa kinachojulikana ni Bansenshukai, cha mwaka 1676. Anayetarajia mapigo atachoka mapema. Kuna kusoma hali ya hewa, kuwasha moto kwenye unyevu, kufungua milango, kuchagua nyumba ya kuingia. Kuna mchele uliotiwa rangi tano, unaodondoshwa njiani kwa mpangilio ili mwenzako akija nyuma asome ujumbe. Na kuna kujigeuza: mtawa mpiga filimbi, mchuuzi, mcheza maonyesho, au mtu wa kawaida kabisa.

Ndiyo maana lile vazi jeusi la macho tu linanikera kidogo. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba lilitoka kwenye tamthilia za kabuki, ambako wasaidizi wa jukwaani huvaa nyeusi na watazamaji hukubaliana kutowaona. Mchoraji Hokusai naye alimchora mtu wa namna hiyo akipanda kamba mwaka 1817, na picha ikakaa. Sisi tukalipokea vazi hilo kupitia vibanda vya video, kiasi kwamba mwanamke akifunika uso kwa nikabu tunasema amevaa kininja. Shinobi hasa, kama angetaka kupita soko la Kariakoo, angevaa kama mbeba mizigo.

Ninaelewa kwa nini tunawapenda. Mtu mdogo anayemkosesha usingizi mwenye ngome ni hadithi yetu tangu Sungura na Fisi.

Juzi nilimkuta yule mwalimu kwa fundi yuleyule. Nikamweleza haya taratibu, bila kumwaibisha. Akasikiliza, akaniuliza, "Sasa niwaambie nini baada ya mkanda mweusi, kaka?" Nikamwambia inafuata dani ya pili, yaani daraja la pili la mkanda huohuo mweusi, kama kawaida. Na akitaka kweli kumpima mtoto uninja, amtume gengeni bila hela, arudi amwambie wauza nyanya ni wangapi na nani kati yao hana chenji, halafu yeye mwenyewe aende akaulize kama kuna aliyemwona mtoto akipita.