Je, wajua? "Detective" si cheo cha polisi Uingereza

Kwenye tamthilia za polisi wa Uingereza hufika mtu mwenye koti refu, hana sare, na askari wote wenye sare wanampisha. Mtazamaji anaondoka akiamini kwamba "Detective", yaani mpelelezi, ni ngazi iliyo juu ya askari wa kawaida. Sivyo. Mwenye koti mara nyingi ni "Detective Inspector", na kinachomfanya apishwe ni hilo neno la pili.

Vyeo vya huko hupanda hivi: konstebo, sajenti, inspekta, inspekta mkuu, mrakibu, mrakibu mkuu. Mpelelezi hana ngazi yake ya pembeni. Hupanda hiyo hiyo, ila cheo chake hutanguliwa na "Detective". Basi "Detective Constable" ni konstebo, na sajenti wa doria ni mkubwa wake.

Chukua timu ya mpira. Golikipa ana jezi yake na mazoezi yake, lakini jezi hiyo haimpi amri juu ya beki. Amri iko kwenye kitambaa cha unahodha, na kitambaa anaweza kukivaa yeyote, golikipa akiwemo. "Detective" ni jezi. Sajenti na inspekta ni vitambaa. Konstebo mpelelezi akipandishwa kuwa sajenti na kupelekwa doria, anapata kitambaa na kuvua jezi, na hajashushwa hata kidogo.

Mfano huu unapwaya mahali pamoja: golikipa peke yake ndiye anayeruhusiwa kudaka, ilhali mpelelezi hana nguvu ya ziada kisheria. England na Wales, kibali cha kumshikilia mtuhumiwa wa kosa kubwa kupita saa 24, hadi 36, hutolewa na mrakibu au aliye juu yake. Sheria ya huko ya 1984 kuhusu mamlaka ya polisi inataja cheo tu. Haijali kama ana sare.

Mpangilio huu ni wa zamani. Kikosi cha kwanza cha wapelelezi wa polisi wa London, mwaka 1842, kilikuwa na mainspekta 2 na masajenti 6.

Haya yasihamishiwe Marekani kijumla, maana huko kila jeshi la polisi lina muundo wake. New York wapelelezi wana madaraja matatu, na wa daraja la kwanza hulipwa sawa na luteni huku akipokea amri za sajenti.